Nilivyochagua multimita ya nyumbani hapa Mwanza

Ukimwambia muuzaji akupe multimita nzuri, kile kifaa cha kupimia umeme, atakuletea ile yenye alama nyingi usoni: volti, ampea, transista, joto, mpaka betri za rimoti. Mtu wa nyumbani kama mimi anahitaji vitu viwili tu. Volti za AC, yaani umeme wa ukutani, ajue soketi ina umeme au haina na ni kiasi gani, na ule mlio unaoonyesha kama waya ni mzima au umekatika. Kwa hiyo sikuuliza sana inapima nini. Nilitaka kujua itanifanya nini siku nikiichomeka vibaya.

Nilikuwa na sababu. Nina kiduka cha soda na maji Mabatini, na friji lilikuwa linatekenya ukiligusa na mkono wenye maji. Testa ya bisibisi ilikuwa inawaka taa yake ndogo, basi. Inakuambia umeme upo, haikuambii ni volti ngapi wala kama ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, inafanya kazi. Nikalichomoa friji, soda zikauzwa moto, nikashuka mjini.

Nilianzia upande wa Makoroboi. Kijana akanipa ile ya njano ndogo ambayo kila fundi wa redio anayo.

"Chukua hii mama, hutajuta."

"Ifungue nyuma kwanza mwanangu, nione ndani."

Akacheka, lakini bisibisi alikuwa nayo. Ndani kulikuwa na fyuzi moja ya kioo, nyembamba, ambayo inalinda tundu la ampea ndogo peke yake. Tundu la ampea 10 lilikuwa limeunganishwa moja kwa moja na kipande cha waya mnene, bila fyuzi yoyote, na pembeni yake wenyewe waliotengeneza wameandika hivyo kwa Kiingereza: halina fyuzi. Hapo ndipo hatari yote ilipo. Ukisahau waya mwekundu kwenye tundu lile, kisha ukapima soketi ukidhani unapima volti, umeshaunganisha laivu inayoleta umeme na nyutro inayourudisha kwa waya mnene. Ni shoti kamili, na inatokea mkononi mwako. Kama breka ya nyumbani ni nzima na ina haraka, itakata. Kama ni ile iliyochoka, sijui.

Sisemi ile ya njano haina kazi. Kwa betri ya sola, chaja za simu na redio inafaa sana, na bei yake haina mpinzani. Kwa umeme wa ukutani wa volti 230, hapana.

Jambo la pili nililotazama ni herufi CAT karibu na matundu, yaani daraja la usalama la kifaa. Wengi wanadhani ni urembo. CAT II ni ya soketi na vitu vinavyochomekwa. CAT III ni ya meni swichi na waya za ukutani. CAT IV ni ya kule umeme unakoingilia, kwenye mita ya LUKU na nguzo. Volti 600 zinazoandikwa mbele yake si hadithi yote, maana umeme wetu haufiki huko hata ukipima kati ya fezi na fezi, ambapo ni 400. Kinachoua multimita ni umeme unaoruka ghafla kwa sehemu ndogo ya sekunde, kama radi ikipiga karibu na laini. Na sisi wa kandokando ya ziwa radi tunazijua. Multimita ya CAT II 600 V inatakiwa ihimili mruko wa volti 4,000. Ya CAT III 600 V, volti 6,000. Mimi nilitaka CAT III.

Shida ni kwamba kuandika ni bure. Niliona kimoja kimeandikwa CAT III 1000 V, chepesi mkononi, na ndani fyuzi zake ni vioo vilivyoandikwa volti 250. Fyuzi ya volti 250 ndani ya kifaa kinachojisifia 1,000! Nikakirudisha. Nilichokuja kununua kilikuwa na fyuzi mbili nene za kauri, moja kwa kila tundu la ampea, na zimeandikwa volti 600. Kilinigharimu Sh 55,000. Jirani yangu alisema nimepigwa.

Nyaya zake nazo nilizikagua: vichomeko vyake vina kola ya plastiki inayofunika chuma chote, na nchani kuna vikofia vinavyoacha milimita 4 tu za chuma wazi. Vikofia hivyo ni vya kwenye meni swichi, ncha zisigusane na kitu cha pembeni. Kwenye soketi zetu za matundu matatu ya mraba inabidi uvitoe, la sivyo ncha haifiki ndani, na ukivitoa nyaya zinashuka kuwa CAT II, ambayo kwa soketi inatosha. Dukani pale pale niligusanisha ncha mbili kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya; ikasoma 0.2, karibu na sifuri kama inavyotakiwa. Ingecheza-cheza nikikunja waya, nisingechukua.

Nyumbani nilianza na soketi ninayojua ni nzima, nione multimita yenyewe inasema kweli. Laivu na nyutro, 231. Nikaenda ya friji: laivu na nyutro, 230. Laivu na ethi, 90, mara 74, mara 96, haitulii. Namba inayotangatanga hivyo mara nyingi ni waya uliokaa hewani, haujaunganishwa popote.

Sikufungua soketi mwenyewe. Nilimwita fundi, akazima meni swichi, akanifanya nipime tena kuhakikisha imekufa, kisha niende kwenye soketi nzima nyumbani kwa jirani kuhakikisha multimita haijafa yenyewe. Alipoifungua, waya wa ethi ulikuwa umekunjwa vizuri nyuma ya boksi, haujafungwa kwenye skrubu. Aliyefanya wayaringi alichoka.

Ulipofungwa, laivu na ethi ikasoma 229, nami nikataka kulichomeka friji.

"Subiri mama," fundi akasema. "Hiyo inakuambia waya umefika. Haikuambii ardhi imeupokea."

Multimita inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata ethi mbovu inaweza kuonyesha 229 safi. Kipimo cha ardhi kina mashine yake. Alipokuja nayo ikaonekana ethi rodi yetu, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini, imegonga jiwe na kupinda. Mabatini nani asiyekaa juu ya jiwe? Wakapigilia nyingine chini kwenye migomba, kwenye udongo wenye unyevu, wakaunganisha zote mbili. Friji likaacha kutekenya.

Multimita sasa inaazimwa mtaa mzima. Matundu ya ampea nimeyaziba kwa selotepu nyeusi, na ninaitoa hivyo hivyo. Anayetaka kupima ampea aje na yake.