Gavana Njoroge na hati zangu za hazina

Akiba yangu huiweka kwenye hati za hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali inayolipa riba, kwa hivyo Patrick Njoroge nilimfuatilia tangu alipoingia Benki Kuu ya Kenya Juni 2015. Alikuwa mchumi wa Yale aliyetoka Shirika la Fedha Duniani, na nyumba ya kifahari aliyotengewa Muthaiga akaikataa. Kwa hilo pekee alinipata.

Julai hiyo, shilingi ikizidi kuyumba, kamati yake ya sera ya fedha ilipandisha riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 10 hadi 11.5. Kufikia Oktoba hati za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 20! Wenye akiba tulikimbilia mnada ambako hati hizo huuzwa. Wenye mikopo walilia. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016, benki za Dubai, Imperial na Chase zikafungwa au kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa benki iliyokwama, na uvumi wa simu ukawafanya watu wapange foleni hata kwenye benki zilizokuwa salama.

Uamuzi wake mzito kwangu ni ule wa Juni 1, 2019: noti za zamani za 1,000 zife ifikapo Oktoba. Mwishoni mwa Septemba muuza nyanya aliigeuza noti yangu, akaitazama, akanirudishia. Noti zaidi ya milioni 7 hazikurejeshwa kamwe. Naamini nyingi zilikuwa za wizi, na nilifurahi zikifa.

Kamau Thugge alimpokea Juni 2023. Mwezi huohuo riba ikatoka 9.5 hadi 10.5, nami nikarudi mnadani.