Kutolewa wasiwasi

Waingereza wana msemo, "to set your mind at rest", na kila ninapoutafsiri kalamu yangu husita. Neno kwa neno ni kuipumzisha akili. Lakini kwa Kiswahili anayepumzisha akili ni mtu aliyechoka, si mwenye shaka. Kwetu shaka hukaa moyoni, kwa hiyo naandika "kumtoa mtu wasiwasi" au "kumtuliza moyo".

Juzi usiku nilikaa na simu mkononi, binti yangu yuko safarini. Ujumbe ukaingia: "Mama, nimefika." Maneno mawili tu! Mabega yakashuka, nikashusha pumzi. Msemo ule hutumika hasa hapo, habari ya hakika inapofika na hofu ikakosa pa kukaa. Kubembelezwa bila habari ni jambo jingine.