Klipu imekatika tena

Leo mezani: sampuli ya tatu ya kasha kutoka printa ya 3D. Kifuniko kinafungwa, "tak!"

Klipu, kile kishikizo cha kufungia kifuniko, imebaki mkononi.

Plastiki haina kosa. Klipu ilichapwa ikiwa imesimama, kwa hiyo matabaka ya plastiki, ambayo printa huyapanga moja juu ya jingine, yamekatisha mkono wake. Ukiupinda, yanaachana palepale shinani.

Tazameni mpasuko: laini, umenyooka, utadhani wembe.

Dawa? Ilazwe ubavu, na kona kali ya shina ipewe mviringo wa milimita 1 hivi. Tena msichape kasha zima! Chapeni klipu na kipande cha ukuta wake tu, fungeni na kufungua mara 50.

(Ikipita, imejibu swali la umbo. Uimara wa plastiki ya kiwandani ni jaribio jingine.)

Nyie huanza kujaribu sehemu gani?