Tenki dogo la matumbawe nyumbani: shughulika na maji kwanza, samaki watafuata

Swali ninaloulizwa sana kuhusu tenki langu ni nianze na samaki gani, na mi jibu langu ni lilelile, usianze na samaki, anza na maji, yaani maji yenyewe, chumvi yake, joto lake, na vile vitu visivyoonekana vilivyoyeyuka mle ndani. Matumbawe ni wanyama, na wametoka mahali ambapo maji hayabadiliki hovyo, bahari ni kubwa mno, chumvi ya jana ndo chumvi ya leo. Sa we unataka kumhamishia mnyama wa namna hiyo kwenye sanduku la kioo sebuleni, kwa hiyo kazi yako ya kila siku ni kuhakikisha maji hayayumbi, mengine yote yanatokana na hapo.

Ndo maana sikubaliani na wanaosema tenki dogo ni jepesi kwa anayeanza. Linachukua nafasi ndogo sawa, lakini kwenye lita 20 konokono mmoja akifa usiku bila wewe kujua, asubuhi amonia, ile sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza, imeshapanda, wakati kwenye lita 200 konokono huyohuyo asingeleta shida yoyote. Kwa mtu wa kwanza mi nasema lita 60 mpaka 100, hapo bado ni dogo, bado unaweza kubadilisha maji kwa ndoo bila kuvunja mgongo, ila kuna maji ya kutosha kukupa muda wa kurekebisha kitu kikienda kombo. Na fikiria uzito mapema, lita moja ya maji ya bahari ni kilo moja na kidogo, kwa hiyo lita 80 pamoja na mawe, mchanga na kioo chenyewe unapita kilo 100, sio meza yoyote inabeba hiyo. Liwe mbali na dirisha la jua. Nyaya zote ziache zining'inie chini ya soketi kabla hazijapanda kuingia, tone la maji likiteremka na waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Haya, maji. Maji ya bomba usiyatumie hivihivi, mara nyingi yana klorini, fosfeti, silika, saa ingine hata shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba kwa kamba na konokono na matumbawe ni sumu hata ikiwa kidogo sana. Kinachotumika ni maji yaliyopita kwenye filta ya RO/DI, inayoondoa karibu kila kitu kilichoyeyuka kwenye maji, kile kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka, kikisoma 0 au karibu yake ndo unachanganya na chumvi ya tenki za matumbawe, sio chumvi ya kupikia. Lengo ni gramu 35 za chumvi kwenye kila kilo ya maji, wengine wanaisoma kama 1.026, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi, ni kitu kilekile. Weka maji kwanza kwenye ndoo, washa pampu ndogo na hita, ndo uanze kumimina chumvi taratibu, maana ukianza na chumvi ukaimwagia maji, kalsiamu inaganda na kuwa unga mweupe chini na hairudi tena. Kupimia chumvi nunua kifaa kinachoitwa refraktomita, na uisawazishe kwa maji maalum ya 35, usiishie kwa maji safi ya sifuri peke yake, kwa sababu inaweza kusoma sifuri vizuri kabisa halafu huku juu ikadanganya.

Sasa hapa kwenye chumvi nataka nikae kidogo maana ndo watu wengi wanapoteza wanyama bila kujua sababu. Maji yanapopungua kwenye tenki, kinachopaa hewani ni maji tu, chumvi inabaki yote. Chukua tenki la lita 60 lenye 35, ukisahau kuongeza maji mpaka lita 3 zikapotea, ile chumvi yote sasa iko kwenye lita 57, umefika karibu 36.8, na hapo hujafanya chochote zaidi ya kutojaza. Afu siku ukikumbuka unamimina lita 3 kwa mpigo, matumbawe yanapigwa mara ya pili kwa kushushwa ghafla. Kwa hiyo unachojazia ni maji matupu ya RO/DI yasiyo na chumvi, kidogokidogo, kila siku, au ununue kile kifaa chenye kihisio kinachojaza chenyewe maji yakishuka kidogo tu. Mi nikiambiwa nichague kifaa kimoja cha kununua baada ya hita na pampu, nachukua hicho kabla hata ya taa kali, kabla ya skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu. Na kihisio kikifutwa mwani kila wiki kinadumu.

Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 26, uchague moja ukae nayo. Hita nyingi zikiharibika zinaganda zikiwa zimewaka, na kwenye maji machache unapika kila kitu, ndo maana naona ni lazima hita ipitie kwenye kidhibiti cha nje kinachokata umeme joto likizidi.

Mawe ndo moyo wa mfumo wenyewe. Huko nyuma watu walihangaika sana na filta za kila aina, halafu kuna bwana mmoja wa Indonesia, Lee Chin Eng, ambaye mwaka 1961 aliandika jinsi alivyokuwa anafuga matumbawe kwa kutumia mawe hai kutoka baharini, maji ya bahari, mwanga wa jua na mapovu ya hewa basi, na wazo lile la kuacha mawe yafanye kazi ya filta ndo tunalotumia mpaka leo. Jiwe lenye vitundu vingi linabeba bakteria, kuna wanaogeuza amonia kuwa naitraiti na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina ukali ule. Siku hizi wengi tunaanza na mawe makavu, yana faida kwamba huingizi wadudu usiowataka, na miamba ya baharini haiguswi, ila yanahitaji subira zaidi. Unayapanga kwa uwazi, yasiegemee kioo, maji yapite nyuma na chini, na yakae kwenye sakafu ya kioo kabla ya kuweka mchanga ili samaki au kamba akichimba yasiporomoke.

Kuwakuza hao bakteria huhitaji samaki wa kumtesa. Tia amonia ya chupa mpaka ifike 2 ppm, yaani sehemu 2 kwenye kila milioni, ongeza bakteria wa chupa ukitaka, subiri, pima. Mara nyingi ni wiki nne mpaka sita hivi, na unajua tenki liko tayari pale unapotia hiyo 2 ppm na ndani ya saa 24 amonia na naitraiti zote zinasoma sifuri. Baada ya hapo litakuwa baya kutazama, kwanza vumbi la kahawia la diatomu linafunika mchanga, kisha mwani wa kijani wa nywele, saa ingine utando mwekundu. Hapa ndo watu wanakata tamaa wanaanza kumwaga madawa. Tafadhali usimwage dawa, ng'oa mwani kwa mkono, punguza saa za taa, ingiza konokono wachache wa aina ya Trochus na wale kaa wadogo wanaoishi kwenye magamba ya konokono, na upe muda. Ukianza kuona madoa ya pinki na zambarau juu ya mawe, huo ni mwani wa chokaa, hapo unaweza kufurahi maana tenki linakomaa.

Taa na mkondo sitarefusha. Matumbawe mengi yana viumbe vidogo ndani ya nyama yao, zuzantela, vinavyotengeneza chakula kwa mwanga, kwa hiyo taa unayonunua iwe imetengenezwa kwa ajili ya matumbawe, yenye bluu ya kutosha, iwake kwa muda wa saa 8 mpaka 10 kila siku, na uianze chini ukipandisha wiki baada ya wiki, kwa sababu wanaoungua kwa taa kali ni wengi kuliko wanaokufa kwa kiza. Mkondo uwe wa kusukasuka, sio maji ya mkondo mmoja yanayompiga mnyama mmoja usoni mchana kutwa.

Kitu cha pili cha kukaa nacho ni alkaliniti, yaani hasa kiasi cha kaboneti kilichoyeyuka kwenye maji, wapimaji wanaiandika kwa kipimo cha dKH. Matumbawe yenye mifupa migumu yanajenga mfupa kwa kalsiamu na kaboneti, na zote yanazitoa kwenye maji yako. Maji ya bahari yana kama 7 hivi ya dKH, kwenye tenki watu wanaishi vizuri kati ya 7 na 9, kalsiamu 400 mpaka 450 ppm, magnesiamu kwenye 1300 ppm. Ila namba yenyewe sio inayonikosesha usingizi, tumbawe lililozoea 7.5 linakua vizuri tu, linaloliumiza ni leo 7 kesho 10. Kwa siku moja usipandishe zaidi ya 1 dKH, hata kama umekuta imeshuka sana na roho inakwenda mbio. Kama una matumbawe laini tu, yale yanayoitwa uyoga, zoa wanaofanana na vishada vya maua madogo, au yale ya kijani yanayotambaa kama majani, kubadilisha maji kila wiki kunatosha kurudisha kilichotumika. Ukiingiza yenye mifupa, pima kila siku mbili tatu saa ileile, uone inashuka kiasi gani, ndo uanze kuongeza kiasi hichohicho kilichoshuka. Usiongeze kitu usichokipima.

Kuhusu kubadilisha maji kuna hesabu ambayo naona haielezwi vya kutosha. Tuseme chakula unachotia kinaongeza naitreti 4 ppm kila wiki, na we unabadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Naitreti haitashuka kufika sifuri, itaendelea kupanda polepole mpaka ikae kwenye 40, hapo ndo asilimia 10 inatoa 4 ileile iliyoingia. Ukibadilisha asilimia 25 itatulia kwenye 16. Kwa hiyo kama naitreti iko juu, kumwaga ndoo moja haitibu, angalia mkono unaolisha. Na usiikimbize mpaka sifuri pia, naitreti na fosfeti zikiisha kabisa matumbawe yanapauka kwa njaa na vile vidudu vya kahawia vyenye mapovu, dinoflajeleti, vinashika tenki, na hivyo kuviondoa ni mateso.

Samaki sasa. Kwenye lita 80 mi naweka wawili au watatu wadogo na inatosha. Klaunifishi wale wa chungwa na mikanda myeupe, Amphiprion ocellaris, wengi wao wanazalishwa kwenye mabwawa ya watu, hawakuvuliwa, ni wagumu na hawahitaji anemoni, yule mnyama wanayejificha kwake baharini, hata kidogo. Chukua wawili wadogo, wote huanza wakiwa madume, anayetawala anageuka jike na kuwa mkubwa, mwenzake anabaki dume. Halafu kama unataka kitu cha kukukalisha mbele ya kioo, tafuta samaki mdogo anayeitwa gobi mlinzi na kamba wa jamii ya Alpheus, kamba anachimba shimo lakini macho yake ni dhaifu, kwa hiyo akitoka nje anaweka kipapasio chake juu ya gobi, na gobi akitikisa mkia wote wawili wanaingia ndani. Wanaishi shimo moja. Sijawahi kuchoka kuwaangalia. Wale samaki wa bluu wanaoitwa tangi waachie wenye matenki makubwa, ni samaki wa kuogelea mbali, kwenye lita 80 ni kumfunga. Na yule samaki mandarini mzuri mwenye michoro anakula vidudu vidogo vya kwenye mawe mchana kutwa, tenki dogo jipya linaishiwa na yeye anakonda mpaka anakufa.

Kila samaki mpya akae kwanza kwenye tenki la peke yake. Ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon, dawa yake mojawapo ni shaba, na nimeshasema shaba inafanya nini kwa wasio na uti wa mgongo, kwa hiyo ugonjwa huo ukiingia kwenye tenki la matumbawe huwezi kuutibia humo, itabidi utoe samaki wote na wafugaji wengi huliacha tenki bila samaki siku 76.

Na hili tafadhali lisomeni vizuri, zoa na ndugu zao wa Palythoa wengine wana palitoksini, sumu kali kweli. Usichemshe jiwe lililokuwa na hao wanyama, usilisugue kwa brashi nje ya maji, vaa glavu na miwani ukikata vipande, na mtoto asitie mkono kwenye tenki.

Umeme ukikatika, kinachoanza kuua ni hewa kuisha kwenye maji, joto huja baadaye. Kuwa na pampu ya hewa ya betri karibu na tenki, betri zikiwa nzima. Usilishe mpaka umeme urudi. Kama kuna baridi zungushia blanketi, kama kuna joto fungua kifuniko. Umeme ukirudi simama hapo uangalie kila pampu inazunguka, kuna zinazogoma kuanza zenyewe zikikaa muda bila kuwaka, hasa zile ambazo hazijasafishwa kwenye siki kwa miezi mingi.