Batilisha kwanza, hesabu baadaye

Leo namfikiria mtu aliyetia saini mkataba wa taimshea jana, na tangu hapo moyo haujatulia. Amenunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika nyumba ya mapumziko, amepewa jalada nene la karatasi, na sasa anajiuliza kama aliamua vyema. Wengi hulijibu swali hilo kwa kulilalia siku mbili tatu, kuuliza ndugu, kupima faida na hasara. Hapo ndipo wanapoumia, kwa sababu siku zinazokwisha katika kupima ni zile zile walizopewa na sheria ili wajiondoe bila kueleza sababu yoyote.

Siku zenyewe ni chache na hazilingani kila mahali. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo la 2008/122 linampa mnunuzi siku 14 za kalenda, na Uingereza nayo ni 14. Jimbo la Florida hutoa siku 10, California 7, Nevada 5. Meksiko ni siku 5 za kazi. Inayohesabika ni sheria inayoutawala mkataba, kwa kawaida ya mahali nyumba ilipo au mauzo yalipofanyika. Makao ya mnunuzi peke yake hayaamui. Halafu kuna suala la siku ya kuanzia kuhesabu. Kwingine ni siku ya saini. Florida huhesabu kuanzia saini au kupokea hati ya mwisho inayotakiwa, lolote litakalotokea baadaye. Asiye na uhakika ahesabu kuanzia saini, tena kwa siku za kalenda, ili akikosea awe amekosea upande wa usalama.

Kwa hiyo ushauri wangu hauyumbi: ukiwa na shaka, batilisha kwanza, kisha kaa ufikiri. Aliyebatilisha anaweza kununua tena mwezi ujao, na muuzaji atampokea kwa mikono miwili. Aliyeuacha muda upite hana mlango kama huo wa kurudia. Najua kinachowazuia watu ni ile kauli ya "bei hii ni ya leo tu". Lakini wiki za nyumba hizo huuzwa mwaka mzima, na mara nyingi mtu akikataa mezani huletewa papo hapo kifurushi kidogo kwa bei ya chini. Bei inayoshuka ndani ya saa moja haikuwa ya leo tu.

Kubatilisha kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Tafuta kwenye mkataba kifungu cha haki ya kujiondoa. Mara nyingi kiko karibu na sehemu ya saini, lakini hati za nyongeza huweza kuwekwa kwenye mfuko wa ndani wa jalada, au ndani ya kifaa cha kuhifadhia data ambacho mtu hana haraka ya kukifungua. Kifungu hicho kitataja mambo matatu usiyoruhusiwa kuyakisia: siku ngapi, kwa njia gani, na kwa anwani ipi. Anwani hiyo huwa si ile ya ofisi ya mauzo. Barua iliyopelekwa mezani kwa muuzaji aliyekuhudumia inaweza kulala hapo hadi muda uishe.

Barua iwe fupi. Andika tarehe, majina ya wanunuzi kama yalivyo kwenye mkataba, namba ya mkataba, tarehe ya kununua, jina la mradi na wiki ulizonunua, au pointi, yaani alama ambazo kampuni nyingine huuza badala ya wiki na ambazo hutumika kuweka nafasi. Kisha sentensi moja isiyo na mashaka: "Tunabatilisha mkataba huu na tunaomba turudishiwe fedha zote tulizolipa." Usiandike "tunafikiria kubatilisha" wala "tungependa kujadiliana", kwa maana maneno hayo si taarifa ya kubatilisha. Sababu haihitajiki, na ukiitoa unampa muuzaji kitu cha kujibu. Wote waliotia saini mkataba watie saini barua. Mke na mume wakinunua pamoja, saini ya mmoja ni mwanya wa kubishaniwa.

Itume kwa rejesta yenye uthibitisho wa kupokelewa, kama mkataba hautaji njia nyingine. Sheria nyingi hutazama siku barua ilipotumwa, hivyo muhuri wa posta ndio ushahidi wako. Tunza stakabadhi pamoja na nakala ya kila ukurasa. Barua pepe au faksi ni nzuri kama nyongeza, lakini isiwe njia pekee pale mkataba unapotaka karatasi. Simu sipendi kabisa katika hatua hii. Haiachi alama, na anayepokea amefundishwa kazi moja: kukupangia mkutano na "mtaalamu" wiki ijayo, siku moja baada ya muda wako kuisha. Wakipiga, waambie barua imetumwa, basi.

Kuna mambo madogo yanayoharibu jambo kubwa. Usitumie wiki uliyonunua wala kuweka nafasi kwa pointi kabla suala halijaisha. Angalia kama mkataba unadai urudishe jalada au zawadi. Kama kianzio kilikatwa kwenye kadi ya mkopo, hifadhi taarifa ya benki, maana rejesho likichelewa utayapinga makato hayo kwa benki ukiwa na barua na stakabadhi mkononi. Kama ulifunguliwa mkopo au kadi mpya pale pale mezani, hakikisha nayo imefungwa. Katika Umoja wa Ulaya mkopo ulioambatana na mkataba hufa pamoja nao bila gharama kwa mnunuzi, na tena muuzaji haruhusiwi kupokea malipo yoyote kabla ya siku za kujiondoa kwisha. Huko pia, mnunuzi ambaye hakupewa fomu sanifu ya kujiondoa huongezewa muda hadi mwaka mmoja na siku 14. Kwa hiyo anayedhani amechelewa afungue jalada atafute fomu hiyo kabla ya kukata tamaa.

Barua ikishakwenda, ndipo hesabu ifanywe kwa utulivu. Kosa ninaloliona zaidi ni kupima bei ya kununua peke yake, ilhali mzigo wa kweli ni ada ya matengenezo ya kila mwaka, ambayo hulipwa hata mwaka usipokwenda. Chukua mfano wa sarafu yoyote: bei 10,000, ada ya mwaka wa kwanza 600, ikipanda asilimia 5 kila mwaka. Kwa kasi hiyo ada hukaribia kuwa maradufu baada ya miaka 14, na jumla ya ada za miaka 20 ni kama 19,840. Ongeza bei, gawanya kwa wiki 20, kila wiki imekugharimu takriban 1,490. Ukinunua kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa miaka 10, utalipa karibu 19,360 badala ya 10,000, na wiki moja inafika kama 1,960. Sasa ulinganishe na bei ya kukodi nyumba ya aina hiyo hiyo kwa wiki hiyo hiyo. Nauli usiiweke, iko pande zote mbili. Lakini acha nafasi ya michango maalumu: paa likiharibiwa na dhoruba au bwawa likihitaji kujengwa upya, wamiliki ndio wanaotozwa.

Soma pia ulichonunua hasa. Hati ya umiliki isiyo na kikomo inaweza kuendelea hadi kwenye mirathi, na warithi wasioitaka hulazimika kuikataa rasmi kwa utaratibu wa sheria. Haki ya matumizi ya miaka maalumu huisha yenyewe, na kwa wengi hilo ni bora. Wiki ya kudumu inakupa tarehe ile ile kila mwaka. Wiki inayoelea, au pointi, hukuingiza kwenye foleni ya kuweka nafasi, na wiki za likizo za shule huwahiwa mapema sana. Ahadi ya kubadilishana wiki yako na ya mahali pengine kupitia RCI au Interval International, kampuni zinazosimamia mabadilishano hayo, ina ada zake juu ya ile ya matengenezo, na wiki ya msimu hafifu haikupi nguvu ya kupata ya msimu wa watu wengi. Na lolote aliloahidi muuzaji kwa mdomo, kwamba kampuni itainunua tena wiki yako au kwamba ukiipangisha pango litalipa ada, litafute kwenye maandishi. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema ahadi za mdomo hazihesabiki.

Wapo wanaofaa kununua, nalisema kwa dhati: familia inayopenda mahali pamoja, msimu mmoja, inayolipa taslimu na yenye uhakika wa ada. Hata hao ningewashauri wanunue kwa mmiliki anayejitoa, kwa sababu wiki za mkono wa pili huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kwanza, nyingine kwa karibu bure. Waulize tu kama kampuni huwanyima wanunuzi wa namna hiyo baadhi ya haki za pointi, na wadai uthibitisho wa maandishi kwamba hakuna ada inayodaiwa.

Kwa aliyepitwa na muda, mlango wa kwanza wa kubisha ni wa kampuni yenyewe. Baadhi hupokea umiliki ukirudishwa, kwa kawaida mkopo ukiwa umekwisha na ada hazina deni. Kuacha tu kulipa huleta wakusanya madeni na doa kwenye rekodi ya mikopo. Na anayepiga simu akisema ana mnunuzi tayari, mradi umtumie ada kwanza, mkatie simu. Wale wanaodai fedha nyingi mapema ili "wakutoe" kwenye mkataba nao uwapeleke kwanza kwa wakili wako asome karatasi zao. Ukifanikiwa kuurudisha umiliki, dai nakala ya hati ya uhamisho iliyosajiliwa, na barua inayosema akaunti yako imefungwa na hudaiwi chochote.