Malisho ya Embulbul

Nguo bado zinanuka moshi wa boma. Nilikuwa Nainokanoka, chini ya mlima Olmoti kule Ngorongoro, nikimsaidia baba mdogo kazi za ng'ombe, na tangu nishuke nawaza Embulbul tu.

Ni bonde pana, kama mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ukungu mtupu. Kwa mbali ni kijani, mgeni hawezi kuamini kwamba ng'ombe huko hukonda. Ingia ndani sasa: sehemu kubwa ni makutian, yale mashungi magumu ya nyasi ambayo ng'ombe huyagusa yakiwa machanga tu. Nyasi laini huliwa hadi shinani, makutian inazidi kutamba.

Wengi husema Wamaasai tumejaza mifugo, basi. Jibu la uvivu hilo. Zamani masika ng'ombe walishuka tambarare kula nyasi fupi, milima ikapumzika hadi kiangazi. Miaka ya 1960 sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiwaua ng'ombe na nyumbu, ikawatoka nyumbu, nao wakaongezeka kutoka kama robo milioni hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Heri kwa Serengeti. Lakini nyumbu huzaa kati ya Januari na Machi, palepale tambarare, na ndama wao hubeba virusi visivyowadhuru wao. Ng'ombe wetu akivipata hufa, dawa hakuna. Kwa hiyo msimu wa milima kupumzika ndio tunaokimbilia milimani. Ndani ya kreta nako tulishatolewa mwaka 1974.

Halafu kuna moto. Wazee walikuwa wakichoma nyasi kavu mvua zikikaribia. Kupe wakaungua, makutian ikachipua laini. Kuchoma kukapigwa marufuku, tukabaki na kupe na magonjwa yao: ndigana, na ormilo, unaomzungusha ng'ombe hadi aanguke.

Kilichobaki mikononi mwetu ni alalili, malisho ya akiba ya ndama na wagonjwa. Juzi ng'ombe wa jirani walikutwa humo. Kikao kikaitwa. Mwenye ng'ombe ni rika moja na baba mdogo, nikadhani atalindwa. Baba mdogo akamwuliza tu, "Mwezi wa tisa ndama wako watakula wapi?" Akalipa faini bila ubishi.

Vijana wanataka alalili ipanuliwe kuelekea bondeni. Wazee wanasema ng'ombe wakubwa watabanwa. Mimi niko upande wa vijana, ila kwenye kikao nilinyamaza. Sina ng'ombe wengi wa kunipa sauti. Watakaa tena baada ya vuli.