Stelingi wa miaka ya 80 alikua anaumia sana

Ukimtajia mtu muvi za Hollywood za miaka ya 80 kinachomjia haraka kichwani ni misuli, jasho, kitambaa chekundu kichwani na bunduki isiyoisha risasi. Na kweli za hivo zipo, tena nyingi. Ila hizi wiki chache nimekua nazirudia zile ambazo nilikua nazipenda sana, moja moja usiku watu wakishalala, na ninachokiona ni kingine kabisa. Zile zinazostahili kurudiwa mpaka leo ni zile ambazo stelingi anaumia, anaogopa, analia, anachanganyikiwa. Zile za stelingi haguswi zinafurahisha ndio, sikatai, ila ukishacheka basi zimeisha.

Tuanze na Rambo maana huyu ndo kesi yenyewe. Wengi ukisema Rambo wanawaza ile ya pili ya 1985, upinde, mishale inayolipuka, helikopta. Sasa nenda karudie ya kwanza, First Blood ya 1982, uone kama ni mtu yule yule. Jamaa anakuja anatembea kwa miguu na begi lake la kulalia, anamtafuta mwenzake waliyepigana nae Vietnam, anafika anaambiwa mwenzake kashafariki kwa kansa, sababu ya zile dawa za sumu zilizokua zinamwagwa huko vitani. Basi anaondoka zake, hana ugomvi na mtu. Anakaribia mji mdogo anatafuta pa kula, sherifu wa pale anaitwa Teasle anampakia kwenye gari lake anamvusha mji mzima anaenda kumshusha ng'ambo ya daraja, kisa nywele ndefu na koti la jeshi. Rambo anabaki kasimama pale darajani, gari linaondoka, anaangalia njia anayotakiwa kwenda, halafu anageuka anaanza kurudi mjini taratibu. Hasemi neno. Hakuna muziki wa kishujaa wala nini, mtu kageuka tu, na kuanzia hapo kila kitu kinaharibika.

Sherifu anamkamata, na kule kituoni polisi wanampiga, wanamwagia maji ya mpira, halafu wanataka kumnyoa kwa nguvu bila hata sabuni, na pale anapouona ule wembe unakuja shingoni ndo kumbukumbu za mateso ya vitani zinamrudia zote kwa mpigo. Yaani hapigani kwa sababu ni mbabe, anapigana kwa sababu kaogopa! Na kitu kinachoshangaza watu wengi ukiwaambia ni kwamba muvi nzima mtu mmoja tu ndo tunaoneshwa wazi amekufa, yule polisi aliyekua anamlenga kutoka kwenye helikopta, na hata huyo kadondoka baada ya Rambo kurusha jiwe. Jiwe! Wengine wote msituni anawajeruhi tu makusudi wakati angeweza kuwamaliza.

Halafu mwisho. Kanali Trautman, mkubwa wake wa zamani jeshini, anaingia kumtuliza, wewe unasubiri pambano, badala yake Stallone anaanza kuongea anaongea anaongea, sauti inakatika, anasimulia rafiki yake aliyelipukiwa na bomu lililofichwa kwenye kisanduku cha kung'arishia viatu, mpaka anaangua kilio kama mtoto kwenye kifua cha kanali. Nusu ya maneno huyasikii vizuri na ndo inavyotakiwa. Kwenye kitabu cha David Morrell cha 1972 ambacho muvi imetoka humo, Rambo anakufa, na hata kwenye muvi walishut mwisho wa yeye kufa wakaja kuubadilisha. Kirk Douglas ndo alikua acheze kanali ila akajitoa sababu alitaka Rambo afe kama kwenye kitabu, nafasi akachukua Richard Crenna. Kisanii naona Douglas alikua na hoja. Ila mi nashukuru walimwacha hai, mtu akishalia vile ukamuua tena ni roho mbaya.

Kuhusu ya pili nisijifanye siipendi, naipenda, na kimapato mwaka 1985 huko Marekani ilishika namba mbili nyuma ya Back to the Future, na namba tatu ikawa Rocky IV, kwa hiyo Stallone mwaka mmoja kabeba nafasi mbili peke yake. Lakini yule mtu wa darajani hayupo tena. Kilichobaki ni sanamu linalotembea. Na Rocky IV ndo usiseme, ukitoa mazoezi na muziki unabaki na muvi ya kutosha kunywea chai moja.

Cha ajabu mmoja wa walioandika skripti ya hiyo Rambo ya pili ni James Cameron, na huyu Cameron ndo aliyekua ametoka kutengeneza The Terminator mwaka 1984 kwa bajeti ndogo sana, dola milioni 6 na ushee. Nilikua na wasiwasi kuirudia hii maana muvi za roboti ndo zinazeeka vibaya, na nisiwadanganye, kuna sehemu imezeeka. Ile anayojitengeneza jicho mbele ya kioo, ukiangalia kwa makini unaona kabisa wapi Schwarzenegger kaondoka na kichwa cha plastiki kimewekwa, ngozi haina hata dalili ya damu kupita. Kule mwisho lile fupa la chuma likianza kutembea linachechemea kwa mikato mikato. Ila unajua nini, ule mchechemeo unatisha kuliko kompyuta za sasa hivi zinavyolainisha kila kitu.

Na humo ndani nani stelingi? Watu wanasema Schwarzenegger kwa sababu ya sura kwenye posta. Yule ni adui! Stelingi ni Kyle Reese, kijamaa chembamba kina makovu mwili mzima, hajawahi kulala usingizi wa maana maisha yake yote, kavuka muda kwa ajili ya mwanamke aliyemwona kwenye picha tu. Na mwenyewe Schwarzenegger mwanzo alikua anafikiriwa kwa nafasi hiyo ya Reese. Hebu fikiria ingekuaje. Mtu mwenye mwili ule anakuambia anaogopa, utamwamini?

Cameron huyo huyo 1986 akaja na Aliens na akafanya kitu ambacho leo ndo nakielewa. Kabla ya vita anakuonesha wanajeshi wanajigamba weee, silaha kubwa kubwa, utani wa kambini, unajua kabisa hawa leo wataua. Wanaingia ndani walipo madude ya angani, dakika chache tu wamebaki robo. Na yule aliyekua anajigamba kuliko wote, Hudson, aliyecheza Bill Paxton, ndo anakua wa kwanza kulia lia kwamba mchezo umeisha. Anayewavusha ni Ripley, ambae si mwanajeshi, ni mtu wa mizigo, usiku hapati usingizi kwa jinamizi. Sigourney Weaver, aliyecheza Ripley, alipendekezwa Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa hii, kitu ambacho muvi za madude ya angani hua hazipewi.

Predator nayo ya 1987 ni ujanja huo huo. Ile timu imejaa misuli hadi inachekesha, kuna ile salamu ya Schwarzenegger na Carl Weathers wanashikana mkono kamera inaenda kwenye bega utadhani tangazo la dawa za kunenepa, ndani ya timu hiyo kuna watu wawili waliokuja kua magavana kweli, Jesse Ventura Minnesota na Schwarzenegger California. Halafu dude la kutoka angani linalowawinda msituni linamuua mwenzao, Mac anaokota ile bunduki kubwa ya mitutu mingi anaanza kufyatua, wengine wote wanajipanga pembeni yake nao wanafyatua, msitu mzima unalala chini, miti inakatika kama mkaa, dakika nzima hakuna mazungumzo ni risasi tu. Moshi ukitulia wanaenda kuangalia. Hakuna mwili. Tone la damu ya kijani kwenye jani, basi. Pale pale muvi inakuambia misuli na bunduki hapa havisaidii. Na anayeshinda mwishoni anashinda kwa kujipaka matope na kutega mitego ya miti, peke yake, anatetemeka. Kuna watu wameangalia hii muvi wanakumbuka misuli tu, sijui walikua wanaangalia nini.

Kwa kuwapa umbea kidogo, mle ndani ya lile dude mwanzo alikuepo Jean-Claude Van Damme kabla hajawa mtu maarufu, wakaachana nae, umbo la dude likachorwa upya na Stan Winston akavaa Kevin Peter Hall, jamaa mrefu zaidi ya mita 2. Na yule mwanajeshi mwenye miwani anayetoa vichekesho vibovu, wa kwanza kuuawa kwenye timu, ni Shane Black, mwandishi wa Lethal Weapon iliyotoka mwaka huo huo. Nayo ukiirudia jiandae. Unakumbuka utani wa Mel Gibson na Danny Glover ila unasahau kwamba mwanzoni kabisa Riggs, yaani Gibson, amekaa kwenye kibanda chake na picha ya marehemu mkewe, kaweka bastola mdomoni, analia, anashindwa kuvuta. Hiyo ni muvi ya kuchekesha hiyo. Na Glover anayelalamika muvi nzima kwamba amezeeka, wakati ule alikua na miaka 40 tu, siku hizi namwangalia naona kijana.

Sasa Die Hard, 1988, mwongozaji yule yule wa Predator, John McTiernan. Hii ndo naiweka juu ya zote. Bruce Willis alikua mtu wa vichekesho vya TV, watu walishangaa kusikia kalipwa dola milioni 5, na kabla yake studio kwa mujibu wa mkataba wa zamani ilibidi kwanza wamuulize Frank Sinatra ambae umri ulishapita 70, akakataa, mungu anajua tuliponea wapi. Mwanzo wa muvi McClane, ndo Willis huyo, yuko kwenye ndege anaogopa kuruka, abiria wa pembeni anamwambia ukifika vua viatu ukunje vidole vya miguu kwenye zulia, stresi zinaisha. Anafika ofisini kwa mkewe anafanya hivo hivo, na ndo majambazi wanaingia yuko pekupeku. Mara ya kwanza unaona ni kichekesho. Anaua jambazi wa kwanza anajaribu viatu vyake, havimtoshi. Bado unacheka.

Halafu Hans Gruber, mkuu wa majambazi, anakutana nae uso kwa uso, anajifanya mfanyakazi aliyetoroka, na katika kuongea macho yake yanashuka chini yanaona ile miguu. Hasemi kitu. Baadae risasi zikianza anawaambia watu wake pigeni vioo. Yaani jambazi kasoma mtihani vizuri kuliko stelingi. McClane anakimbia juu ya vipande, na tunamkuta amejikokota bafuni damu imeburuzika sakafuni, anachomoa kigae kimoja kimoja kwenye nyayo huku anaongea kwenye redio na Powell, askari aliyeko nje, ambae hata sura hawajaonana, anamwomba akifa amtafute mkewe amwambie samahani. Sauti inamtetemeka. Stelingi ananyoosha maisha yake sakafuni bafuni kwa mtu asiyemjua. Mimi niambieni muvi gani ya akshen ya juzi juzi imethubutu.

Na Alan Rickman aliyecheza Gruber jamani, ile ilikua muvi yake ya kwanza kabisa, katokea kwenye maigizo ya jukwaani Uingereza. Pale anapodondoka kutoka ghorofani walimwambia watamwachia kwa hesabu ya tatu wakamwachia kwenye moja, kwa hiyo lile tumbuo la macho ni la kweli. Lile jengo nalo ni la kweli, Fox Plaza pale Los Angeles, ambapo Ronald Reagan alikuja kupanga ofisi baada ya kutoka urais. Rais aliyekua mwigizaji kahamia kwenye jengo la Die Hard, hii mwandishi wa skripti angeileta ungemwambia apunguze.

Nje ya mstari kidogo, Coming to America ya 1988 niliirudia kwa mashaka, Zamunda, nchi ya Kiafrika ya kubuni, na tembo wake bustanini nikajua itaniudhi. Haikuniudhi. Mwafrika ndo tajiri, anaenda Marekani kufagia kwa hiari yake, na mwenye nyumba anamdharau bila kujua. Utani uko kwa Wamarekani zaidi. Vile viti vya kinyozi ndo vitamu kuliko vyote, yule mzee wa Kiyahudi anayebishana nao ni Eddie Murphy mwenyewe ndani ya mekapu ya Rick Baker, na hata ukijua bado humwoni. Kuna kesi ilikuepo pia, mwandishi Art Buchwald aliishtaki Paramount kwamba wazo ni lake na mwaka 1990 mahakama ikampa ushindi.

Commando sijaigusa makusudi. Jamaa anabeba gogo begani, anang'oa kibanda cha simu mtu akiwa ndani, anavamia kisiwa peke yake anatoka na mikwaruzo. Ile hua naiwasha nikitaka kucheka, na watoto wanaipenda kuliko zote. Nimebakisha RoboCop, yenyewe nimefika pale Murphy, yule askari aliyegeuzwa roboti, anaingia kwenye nyumba yake ya zamani imeandikwa inauzwa, vyumba vitupu, kumbukumbu za mke na mtoto zinakuja zinakatika, anatoka anavunja ile skrini ya wauza nyumba kwa ngumi. Nikazima kwanza. Iliyobaki nitamalizia wikiendi.